Njuga ya Shemeji

Katika kijiji cha dada yangu, ng'ambo ya Nshamba, mbwa aliyefungwa kamba shingoni ana safari mbili tu zinazoeleweka. Ama anapelekwa kuchanjwa, ama anapelekwa kuuawa. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza nilipotoka na mbwa wa dada, nimemfunga kamba ya katani na kuvaa viatu vyangu vya kazini, mwanamke aliyekuwa akianika kahawa mbele ya nyumba yake alisimama wima, akasahau hata salamu.

"Waitu, ndugu yangu, amemng'ata nani?"

"Hajamng'ata mtu. Namtembeza."

"Unamtembeza kwenda wapi?"

"Hadi mtoni, halafu tunarudi."

Alimtazama mbwa, akanitazama mimi, kisha akamwita mama mkwe wake atoke ndani aje aone. Mama mkwe alitoka na kisu cha kumenyea ndizi mkononi, vidole vimejaa utomvu.

"Na huko mtoni kuna nini?" akauliza.

"Hakuna kitu, mama. Tunakwenda kutembea tu."

"Basi huyo mbwa ana bahati kuliko mimi. Mimi nikienda mtoni narudi na ndoo kichwani."

Wakacheka wote wawili, nami nikacheka, tukaendelea na njia.

Mimi ni fundi wa pampu za maji. Naishi Hamugembe, pale Bukoba mjini, kwenye nyumba iliyobakiwa na migomba michache upande wa nyuma. Shule niliishia darasa la saba. Mengine yote nimejifunza kwa kusoma vitabu nilivyopata na kwa kufungua mashine zilizoharibika. Kazi hiyo imenipa kanuni moja ninayoitumia karibu katika kila jambo: mashine ikikusumbua, badilisha kitu kimoja tu, kisha uangalie. Ukibadilisha viwili kwa pamoja, hutajua kipi kilichoponya.

Nilikwenda kijijini msimu wa kuchuma kahawa kwa sababu shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa amefariki kabla ya masika, na dada alibaki peke yake na kibanja kizima, shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba. Watoto wake wako mbali na kazi zao. Nyumba yake ni ya mwisho upande wa bonde. Nyuma yake migomba inakwisha, ardhi inashuka, na chini kabisa mto unapita katikati ya mafunjo. Ni mahali pazuri kutazama asubuhi ukungu unapopanda. Kwa mwanamke anayelala peke yake, ni mahali pa kuwa na mbwa.

Mbwa alikuwepo. Alikuwa dume mwekundu wa manyoya mafupi, masikio yaliyosimama, mkia uliojikunja juu ya mgongo. Habweki. Mbwa wa aina hiyo huku kwetu hufugwa kwa uwindaji, na shemeji alikuwa mwindaji kwa maana ya kijijini: alikuwa mkulima wa kahawa ambaye ndezi wakizidi kula miwa na magimbi ya watu bondeni, aliitwa. Tangu azikwe, mbwa alilala mlangoni pa dada kila usiku, na dada aliniambia kwamba asingekuwa yeye, angeshahamia kwa mmoja wa watoto na kukiacha kibanja.

Tatizo lilikuwa mbuzi. Jirani wa karibu, mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri, mtu mnyoofu anayesema Kiswahili kama anasoma tangazo, ana kundi la mbuzi linaloshinda kwenye rweya, yaani mbuga ya majani iliyo juu ya vibanja, na kurudi jioni kwa njia inayopita ubavuni mwa nyumba ya dada. Jioni moja, wiki chache baada ya mazishi, mbwa aliingia katikati ya kundi lile na kuanza kukimbizana nalo. Hakung'ata. Lakini mbuzi walitawanyika, na mmoja mwenye mimba akatumbukia kwenye mtaro na kuvunjika mguu.

Mwenyekiti wa kitongoji aliitisha kikao. Uamuzi ulikuwa kwamba mbwa afungwe, na siku akionekana tena akikimbiza mbuzi, atauawa siku hiyohiyo. Dada alikubali mbele ya watu. Angefanyaje? Mbuzi alikuwa amevunjika kweli.

Nilipofika, nilimkuta mbwa amefungwa kwenye nguzo ya jiko. Alikuwa amechimba shimo kuizunguka nguzo hiyo na mbavu zake zilihesabika. Alikuwa akikataa chakula. Jioni, mbuzi walipopita, alitoa sauti ambayo si kubweka wala kulia, kitu kama mlango wa mbao unaofunguliwa polepole.

"Wamesema nimfunge ili asiuawe," dada aliniambia, "lakini kumfunga hivi ndiko kumwua. Ila taratibu."

"Nitamtembeza," nikasema.

"Utamtembeza? Kama mzungu?"

"Kama mtu mwenye miguu."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kulijua bonde lile kwa mwendo wa mbwa. Niseme yale niliyojifunza, maana yanaweza kumfaa mtu mwingine.

Njia ya juu inapanda kati ya vibanja hadi barabara ya kanisa. Ina kivuli wakati wote kwa sababu ya migomba na mibuni, na ardhi yake ni laini kwa sababu ya majani makavu yaliyotandazwa. Lakini kila baada ya migomba kadhaa unajikuta uani mwa mtu, kwa kuwa njia za huku hazikwepi nyumba, zinapita mbele ya milango. Huwezi kupita mlangoni pa mtu bila kusalimia, na ukisalimia unaulizwa habari za mjini, kisha za mbwa. Njia hiyo ni fupi kwa miguu na ndefu kwa mdomo. Inamfaa mbwa mtulivu na mtu asiye na haraka.

Njia ya rweya ni ya wazi. Upepo wa kutoka ziwani unafika hata huko, na asubuhi kukiwa hakuna ukungu, ukisimama juu kabisa unaona Ziwa Viktoria kama bamba la bati, na kisiwa cha Bumbire juu yake. Mbwa hupenda huko kwa sababu ya panya na kwale. Lakini ndiko malisho yaliko, kwa hiyo nilimpeleka mapema tu, kabla mbuzi hawajafunguliwa. Baada ya mvua usimpeleke upande wa mikaratusi. Siafu hukatiza hapo, na mbwa akishambuliwa na siafu katikati ya vidole hutamfundisha kitu kingine siku hiyo.

Njia ya bondeni ndiyo niliyoipenda. Inashuka nyuma ya nyumba ya dada, inapita bustani za maharage na magimbi ambazo watu hulima kwenye unyevu, kisha inafika kwenye daraja la magogo. Juu kidogo ya daraja kuna kijito kinachoingia mtoni kutoka kwenye mawe, maji yake ni safi, mbwa anaweza kunywa. Chini ya daraja asinywe, watu hufulia hapo. Ukivuka unafuata ukingo hadi kwenye shamba la miwa, kisha unarudi kwa njia ileile, kwa sababu mbele kuna matope yanayoweza kumeza buti.

Mbwa alianza kula. Mbavu zikaanza kujificha. Lakini kila tulipokutana na mbuzi, hata mmoja aliyefungwa kwenye kigingi, kamba ilinyooka kama waya na mkono wangu ukauma hadi begani. Nilijaribu kumvuta, nikajaribu kumsemesha, nikajaribu kumpa kipande cha ndizi iliyochomwa. Hakuna kilichobadilika. Nilimwambia dada ukweli: mbwa amenenepa, lakini kwa habari ya mbuzi ni yuleyule.

Kisha likatokea jambo la yule bibi wa maharage. Nimeshasema mbwa habweki. Anatembea pia bila kishindo, kama paka. Asubuhi moja bondeni bibi mmoja alikuwa ameinama akipalilia, amejifunga kanga kiunoni, na jambo la kwanza alilolijua kuhusu ujio wetu lilikuwa pua ya baridi nyuma ya goti lake. Alikaa chini juu ya kikapu chake. Kikapu kikavunjika.

"Ewe mtoto wa watu!" akanifokea akiwa bado amekaa. "Huna mdomo? Unakuja na mnyama kama mwizi! Kohoa! Imba! Piga hata mluzi!"

"Nisamehe, mama. Nitakusukia kikapu kingine."

"Wewe? Kusuka?"

"Nitakununulia."

"Hapo sasa umesema."

Nikirudi nilifikiri kwamba ana haki. Mbwa anahitaji kitu kinachotoa sauti. Na nilikumbuka kuona, kwenye dari ya jiko la dada, juu kabisa penye masizi, kifurushi cha majani makavu ya mgomba, na ndani yake kitu cha chuma. Dada alikuwa amekwenda kwenye sala ya jumuiya. Nilipanda juu ya kinu, nikakiteremsha. Ilikuwa njuga ya mbwa, chuma kilichofuliwa kwa mkono, kimejikunja kama ganda, kikiwa na kokoto ya chuma ndani na ukanda wa ngozi uliokuwa bado laini kwa mafuta. Niliisafisha kwa majani, nikamfunga mbwa shingoni.

Alibadilika hapohapo. Kwanza alisimama kabisa, kichwa juu, na ngozi ya mgongo ikamtetemeka. Kisha akatangulia mbele yangu mpaka mwisho wa kamba, lakini bila kuivuta. Kamba ilining'inia kati yetu. Nilimgusa kutazama kama anaumwa. Hakuumwa.

Tulitoka kwa njia ya ubavuni. Mbuzi wa jirani walikuwa ndiyo kwanza wanafunguliwa, wamejazana njiani, na sikuwa na mahali pa kurudi. Nilizungusha kamba mkononi na kujikaza. Mbwa alipita katikati yao. Hakugeuza hata sikio. Mbuzi mmoja alimsukuma kwa bega, naye akasogea pembeni kama mtu anayempisha mwenzake kanisani, njuga ikalia mara moja, akaendelea.

Nilikuwa bado nimesimama nikijaribu kuelewa nilichokiona, ndipo nikasikia migomba inavunjika upande wa kushoto. Akatokea mwanaume na mkuki. Nyuma yake mwingine na wavu begani. Kutoka upande wa juu wakaja wawili wengine wakikimbia, mmoja na panga, mmoja amevaa shati la kanisani ambalo alikuwa hajamaliza kulifunga vifungo. Huyo wa mkuki nilimjua. Alikuwa mwenzake shemeji, mkubwa wa wawindaji wa kitongoji kile.

"Iko wapi?" akauliza kwa sauti ya chini, akihema.

"Iko wapi nini?"

"Ndezi! Nguruwe! Mnyama!"

"Hakuna mnyama," nikasema. "Namtembeza mbwa."

Wakatazamana. Yule wa shati la kanisani aliinama akashika magoti yake.

"Nimetoka kwenye sala," akasema. "Katikati ya Baba Yetu. Kila mtu ameniona."

"Mlamu," mkubwa wa wawindaji akaniambia, kwa neno letu la shemeji, kwa kuwa ndugu wa mke wa mwenzao ni shemeji wa kundi zima. "Mlamu, huko Bukoba ukisikia kengele ya kanisa unafikiri kuna nini?"

"Kuna misa."

"Na ukifika ukakuta padri anasema, hapana, nilikuwa naitembeza kengele tu?"

Walicheka mpaka yule wa wavu akalazimika kuuweka chini. Lakini kicheko kilipopungua, mkubwa wao alimpapasa mbwa kichwani, akaishika njuga kwa vidole viwili, na sauti yake ikawa nyingine.

"Hii haijalia tangu mwenyewe azikwe. Nilipoisikia nilikuwa nameza chai. Sikumbuki kikombe nilikiweka wapi."

Akaniambia utaratibu. Njuga ikilia, atakayeisikia anatoka na alichonacho, na atakayefika ana sehemu yake katika nyama. Na anayewaita watu kwa njuga bila mnyama anawalisha. Si adhabu, alisema, ni usawa tu: watu wameacha kazi zao.

Kwa hiyo dada aliporudi kutoka kwenye jumuiya alikuta sebule yake imetandikwa majani mabichi ya rweya, wawindaji wanne wamekaa wakitafuna buni kavu za kahawa kama ilivyo desturi ya huku, na mdogo wake akimenya ndizi jikoni. Alisimama mlangoni. Nilidhani atakasirika. Alitazama njuga iliyokuwa juu ya meza.

"Mmeiteremsha," akasema.

"Ni mimi, dada. Sikujua."

"Mwanamke haigusi. Ni mwiko. Ndiyo maana ilikaa huko juu." Kisha akavua kanga ya mabegani, akachukua kisu kutoka mkononi mwangu. "Toka hapo, unamenya nusu ya ndizi inakwenda na ganda."

Siku zilizofuata nilifanya kama ninavyofanya na pampu. Nilipita karibu na mbuzi wale wale, saa ile ile, kwa njia ile ile, siku moja bila njuga na siku nyingine na njuga, nimeiziba kokoto kwa kitambaa isiwaite watu. Bila njuga, kamba ilinyooka. Kwa njuga, kamba ilining'inia. Nikabadilisha njia, matokeo yakawa hayohayo. Nikamfunga ukanda mwingine mtupu wa ngozi: akavuta. Nikairudisha njuga iliyozibwa: akatulia. Kwa hiyo haikuwa sauti wala ukanda wowote tu, bali njuga yenyewe, uzito wake shingoni, na labda harufu ya marehemu ndani ya ngozi yake.

Nilimwuliza mkubwa wa wawindaji.

"Alipokuwa mtoto wa mbwa alifundishwa akiwa amevaa njuga," akasema. "Akitazama mbuzi, fimbo. Akitazama kuku, fimbo. Akivuliwa njuga, anaachwa acheze, mwenyewe akiwa karibu. Marehemu alisema mbwa naye lazima awe na saa ya kutoka kazini."

"Na hakuna aliyefikiria hilo kikaoni?"

"Kikaoni tulikuwa tunaongea habari za mbuzi. Nani angeongea habari za njuga ya mtu aliyelala kaburini?"

Nilikwenda kwa dada na pendekezo langu. Tuwaite mwenyekiti na jirani, jioni mbuzi wanaporudi, mbwa aachiwe bila kamba, na njuga shingoni, waone wenyewe. Akipita salama, afunguliwe maisha yake yote. Alinisikiliza akiwa anachambua maharage, hakuinua uso.

"Na akikimbiza?"

"Hatakimbiza."

"Nimeuliza akikimbiza."

"Basi uamuzi wa kikao unabaki."

"Yaani anauawa. Pale pale, mbele yangu." Alimwaga maharage mabovu pembeni. "Wewe utarudi Hamugembe kwenye pampu zako. Mimi nitafunga mlango huu jioni nikiwa peke yangu. Ukikosea, umeniulia mbwa, na mimi hapa sitakaa."

"Najua. Nimejaribu kwa kila njia ninayoijua, dada. Nisingekuwa na uhakika, nisingekuambia."

Aliinua uso, akatazama upande wa jiko. Mbwa alikuwa amelala kwenye shimo lake kando ya nguzo.

"Waite," akasema.

Jioni ile walikuja watu zaidi ya niliowaita. Mwenyekiti alisimama na fimbo yake. Wawindaji walisimama nyuma, na niliwaambia waache mikuki nyumbani, jambo walilolifanya isipokuwa mkubwa wao, aliyesema kwamba bila mkuki hajui mikono aiweke wapi. Jirani mwenye mbuzi alikuja amevaa koti lake refu.

"Ndugu," akaniambia, "mimi sina chuki na kiumbe chochote. Lakini naomba ifahamike kwamba mbuzi mwenye mimba ni mbuzi wawili."

"Inafahamika, mzee."

Dada alisimama penye kona ya nyumba, pindo la kanga mdomoni.

Nilitoa kitambaa kwenye njuga, nikamvalisha mbwa, nikaivua kamba. Mbuzi walikuwa wanashuka kutoka rweya, vumbi jekundu juu yao. Mbwa alitangulia. Njuga ililia kwa mwendo wa kutembea, taratibu. Akaingia kundini. Sikuona miguu yake tena, niliona mkia tu, umejikunja, ukipita kati ya migongo. Wana-mbuzi wawili waliruka mbele ya uso wake. Mkia haukuongeza mwendo. Nilimsikia mwenyekiti akitoa pumzi.

Ndipo njuga ikabadilika. Ikawa inalia haraka, bila kukatika, na mbwa akatoka ndani ya kundi kama jiwe lililorushwa. Mbuzi wakashtuka wakagawanyika. Nikasikia dada akisema "Ai!" na jirani akapaza sauti, "Mmeona! Mmeona!" Nami kwa kitambo hicho kifupi sikuwa na uhakika wa kitu chochote duniani.

Lakini mbuzi walikuwa wamesimama njiani wakitazamana, na njuga ilikuwa inashuka bondeni, mbali nao, kuelekea kwenye miwa.

"Siyo mbuzi!" mkubwa wa wawindaji akapiga kelele. "Ndezi! Ametokea miguuni pa mbuzi!" Na kabla hajamaliza, alikuwa ameshaondoka, na wenzake nyuma yake mikono mitupu. Mwenyekiti akawafuata na fimbo. Na jirani, mzee wa kanisa, aliyekuja kutetea mbuzi wake, alisimama kidogo, akatazama kulia na kushoto, akapandisha koti mpaka magotini na kushuka bonde akikimbia kuliko wote.

Mimi na dada tulibaki na mbuzi. Tuliwasindikiza hadi zizini kwao, maana mwenyewe alikuwa hayupo.

Walirudi giza linaingia, wamelowa hadi viunoni, na ndezi mkubwa mabegani. Mbwa alikuwa nyuma yao anatembea, ulimi nje, njuga ikigonga polepole. Palizuka ubishi palepale kuhusu kugawa. Mkubwa wa wawindaji alisema kwamba kwa kuwa mnyama aliamka miguuni pa mbuzi, mwenye mbuzi ana paja.

"Mimi sikuwinda," jirani akasema, akikamua maji kwenye koti. "Nilikuwa nafuatilia usalama."

"Basi tulichukue paja?"

"Sikusema hivyo."

Mwenyekiti alitoa uamuzi wake akiwa bado anahema. Mbwa akiwa na njuga, apite popote, na kamba si lazima. Akiwa hana njuga, abaki uani. Jirani alikubali, na niseme kwa haki kwamba hajamlalamikia mbwa hata mara moja tangu siku hiyo. Lakini yule wa shati la kanisani aliinua mkono.

"Na sisi je? Kila mlamu akitembeza mbwa, tutoke na mikuki? Nina mke."

Hilo lilikuwa swali la kweli. Kuziba njuga kungemrudisha yule bibi wa maharage juu ya kikapu kipya nilichomnunulia. Yeye mwenyewe ndiye aliyetoa jawabu, kutoka nyuma ya watu, na lilikuwa lile alilonipa siku ya kwanza.

"Si aimbe! Njuga na wimbo, anatembea. Njuga bila wimbo, tokeni."

Mimi sijui kuimba. Nilisoma muziki katika kitabu kimoja, naelewa jinsi noti zinavyopanda na kushuka, lakini koo langu halijakisoma kitabu hicho. Hata hivyo kwa wiki zilizobaki nilivuka vibanja vya watu nikiimba nyimbo za kanisani nyuma ya mbwa, na watu wakatoka kuniomba, kwa adabu kabisa, nijaribu nyingine.

Siku moja kabla ya kurudi Bukoba nilimwambia dada kwamba nimezungumza na mkubwa wa wawindaji, atakuwa anapita asubuhi kumfunga mbwa njuga na jioni kumvua. Dada alikuwa anasukuma majani makavu jikoni kwa ufagio.

"Mwambie asisumbuke," akasema.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa bado nafunga begi langu niliposikia njuga uani. Nilichungulia dirishani. Dada alikuwa amepiga magoti mbele ya mbwa, anakaza ukanda, mikono yake ikienda polepole kama ya mtu anayegusa kitu cha moto. Aliukaza, akaulegeza tundu moja, akapitisha vidole viwili chini yake kuona kama haumbani. Kisha akasimama, akajifunga kanga vizuri, akachukua fimbo ya marehemu iliyokuwa imeegemezwa mlangoni.

Walishuka kwa njia ya bondeni. Sauti yake ilikuwa nzuri tangu utotoni, nilikuwa nimeisahau. Nilimsikia mpaka kwenye bustani za maharage, ambapo mtu wa pili alidakia kiitikio, kisha mpaka darajani. Baada ya hapo wimbo haukunifikia tena, nilisikia njuga tu, na wala hakuna mtu aliyetoka na mkuki.